Kichwa cha Ondiek

Ukiingia soko la Kibuye, mjini Kisumu, kwa upande wa mitumba, ukapita wauza viatu, utasikia kicheko cha Nasipwondi kabla hujamwona mwenyewe. Nasipwondi anauza nywele. Anazo za bandia za kila rangi, na anazo zile ghali anazodai zimetoka India, ambazo huzifunga ndani ya karatasi ya nailoni kama mtu aliyenunua nyama. Kando yake, chini ya mwavuli uliopauka, ndipo Debra Aloo husukia watu. Wamekaa pamoja miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote Nasipwondi amekuwa akimwinda jirani yake.

Si kwa ubaya. Alitaka nywele zake tu.

"Aloo, siku ukichoka na hii kitu, usikate utupe. Niite. Nitakuwa nimefika kabla hujamaliza kusema."

"Sijachoka, Nasi."

"Mungu naye ana mambo yake. Mimi nauza nywele na sina. Wewe unazo na umezifunga kitambaa kama mtu anaficha mwizi."

Zilikuwa nyeusi ti, nzito, na akizifungua zilimfika kiunoni. Ukisema ni za singa, utakuwa umekosea, na ukisema ni za kipilipili, utakosea vilevile. Zikilowa maji zililala kama za Mhindi. Zikianza kukauka ziliinuka zenyewe, zikajikunja, zikafura, mpaka kitambaa kikawa hakitoshi. Wateja wapya waliuliza kama ni zake kweli, na wengine walinyoosha mkono wakashika bila kuomba ruhusa, kama watu wanaochagua kitambaa. Vijana wa boda walimwita Pointi, yaani chotara. Aloo hakuwajibu. Alikuwa na vidole vya kazi na mdomo wa kupumzika, na watu walimpenda hivyo.

Mama yake ni Jyoti, Mhindi aliyekuwa binti wa duka la uzi na vitambaa mjini Kisumu. Baba yake alikuwa Ondiek, fundi wa nyavu ufuoni Dunga. Ondiek alikuja dukani kununua uzi wa nyavu, akaja tena kabla uzi haujaisha, akaja tena kuuliza bei ya vitu asivyovihitaji. Mengine mnaweza kuyajua wenyewe. Mtoto alipozaliwa, mama yake Ondiek akampa jina la Kijaluo, Aloo. Ndugu za Jyoti walikuwa wamekasirika miezi mingi, lakini waliposikia hilo jina wakacheka mpaka hasira ikawatoka kidogo, kwa sababu kwa lugha yao aloo ni kiazi.

Ndugu hao walipohamia Uingereza, Jyoti alikwenda nao. Aloo alikuwa mdogo, hata viatu alikuwa anavaa kinyume. Uamuzi ule ulifanywa na watu wengi, na Jyoti alikuwa mmoja tu kati yao. Tangu hapo hupiga simu kila Jumapili, hajawahi kukosa, na Aloo hajawahi kumuuliza swali ambalo lingemliza.

Ondiek akabaki na mtoto na zile nywele.

Akampeleka kwa wanawake wa ufuoni wamsuke. Walimsuka vizuri, lakini jua lilipotua matuta yote yalikuwa yameteleza, yakafunguka, na mtoto anafanana na mtu aliyetoka vitani. "Hii nywele haishiki kitu," wakamwambia. "Nyoa tu, Baba Aloo, upumzike."

"Nilipewa mtoto pamoja na nywele zake," akasema Ondiek. "Sikuambiwa nichague."

Akajifunza mwenyewe. Alimkalisha katikati ya magoti yake juu ya rundo la nyavu, akachukua nywele zile kwa vidole vilivyozoea uzi, na wavuvi wakapata la kusema asubuhi nzima.

"Ondiek! Huyo samaki umemtoa wapi na ndevu zote hizo?"

"Omera, ndugu yangu, ukimaliza hapo, na mimi nisuke!"

Hakuwasikiliza. Alipofika mwisho wa kila msuko aliufunga kwa lile fundo alilofungia jicho la mwisho la wavu, anazungusha, anapitisha chini, anavuta kwa jino. Misuko ile haikuteleza. Haikuteleza siku hiyo wala wiki ile. Fundo hilo ndilo linalomlisha Aloo mpaka leo, kwa sababu kila mwenye nywele laini Kisumu hii, akishindwa kwingine, huelekezwa kwake.

Kila alipomaliza kumsuka, Ondiek alimbonyeza kisogoni kwa kidole gumba na kusema, "Iko. Yai halijaanguka." Hilo nalo lina maelezo yake. Watu wa ukoo wa Ondiek wana kibonde nyuma ya kichwa, chini kidogo ya utosi, kama mtu alikibonyeza udongo ukiwa bado mbichi. Marehemu bibi, mama yake Ondiek, alikuwa akisema angeweza kumwekea Ondiek yai pale, akamtuma sokoni Sondu na akarudi nalo zima. Ondiek alikuwa nacho. Watoto aliowazaa baadaye na mke wake, Mama Calvince, wanacho wote, na kwa kuwa hukata nywele fupi, kila mtu anakiona. Cha Aloo kilifunikwa. Alikijua yeye na baba yake tu. Alipokua mtu mzima akawa anajisuka mwenyewe, na siku nyingine akiwa anaosha nywele alikitafuta kwa kidole na kujiuliza kama kweli kipo, au ni baba alikuwa anamfurahisha.

Boma la Ondiek liko Nyakach, chini ya Sondu, mahali ambapo ardhi inaanza kushuka kuelekea ziwani. Aloo alikwenda huko kila sikukuu. Hakuwahi kuchukiwa, na hilo ndilo lililokuwa gumu kueleza. Mama Calvince, mama yake wa kambo, alimpokea kwa mikono miwili, akampangusia kiti, akamtolea kikombe cha glasi chenye maua ya dhahabu kutoka kwenye kabati. Kikombe hicho kilitolewa kwa padri, kwa chifu na kwa Aloo. Calvince na wadogo zake walikunywa kwenye vikombe vya bati vilivyobabuka, wameketi chini jikoni, wanagombania mkate. Aloo aliketi sebuleni peke yake na maua yake ya dhahabu, anawasikia wanavyocheka. Akijaribu kushika sufuria, Mama Calvince aliruka. "Wacha, wacha, mama! Utachafuka. Wewe kaa."

Alikaa. Angewezaje kumlaumu mtu kwa kumheshimu?

Mwaka huu, mvua ndefu zilipoanza, Ondiek akafa. Alikuwa mzee, alikuwa amekula vizuri usiku ule na kulalamika kwamba samaki ana chumvi nyingi, na asubuhi hakuamka. Alizikwa kwa nyimbo na kwa watu wengi. Wavuvi walikuja kutoka Dunga wakiwa wamevaa mashati ya kanisani, na mmoja wao akasimulia habari za samaki mwenye ndevu, watu wakacheka kaburini na hakuna aliyeona vibaya.

Katika nyumba ile, mzazi akishazikwa, watoto wake hunyolewa. Hunyolewa kichwa chote, kwa wembe, kwa mpangilio wa kuzaliwa, kuanzia mkubwa mpaka kitinda mimba. Kanisa halisemi mengi juu ya jambo hilo, na siku hizi familia nyingine hukata kishungi kimoja tu kwa mkasi wakaendelea na kazi zao. Lakini Akello, dada yake Ondiek, ambaye wote humwita Waya, yaani shangazi, ni mtu wa wembe. Na Ondiek mzaliwa wake wa kwanza ni Aloo.

Aloo alilijua hilo. Tangu siku ya mazishi alikuwa analifikiria na hakulisema. Aliwaza, wakiniita, nitajua. Wasiponiita, pia nitajua. Hakutaka kuomba. Kitu kama hicho ukikiomba kinakuwa si chako tena.

Asubuhi ya kunyoa ilifika na ukungu mwembamba kutoka ziwani. Aloo alipotoka chumbani, Mama Calvince alikuwa tayari amempangia meza. Chai ya maziwa, mayai ya kuchemsha, mkate uliopakwa siagi mpaka pembeni, na kile kikombe.

"Kunywa, mama. Usiharakishe. Watu wako nyuma wanafanya kazi kidogo."

Kisha akavuta pazia la mlango wa nyuma, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

Aloo akashika kikombe. Kikamchoma vidole na hakukiachilia. Kutoka nyuma ya nyumba alisikia maji yakimiminwa kwenye karai. Akasikia sabuni ikisuguliwa. Akamsikia Waya akisema, "Leta kichwa hapa, Calvince, na usijitingishe, hii si kinyozi ya Nyamasaria."

Calvince. Walikuwa wanaanza na Calvince.

Akatua kikombe. Akafungua pazia, akatoka.

Wote walikuwa pale chini ya paa la jiko. Calvince, mwanamume wa watu na ndevu zake, alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa cheupe kwa povu. Wadogo zake walikuwa wamepanga foleni kwenye mkeka. Waya alikuwa ameshika wembe mpya. Walipomwona Aloo wakashtuka wote kwa pamoja, kama watoto walioshikwa na sukari mdomoni.

"Rudi ndani, nyathina," Waya akasema kwa upole, neno ambalo kwa Kijaluo ni mwanangu. "Chai itapoa."

Aloo hakurudi. Aliketi chini kando ya kigoda, akafungua kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka magotini. Kisha akatoa fundo moja baada ya lingine, na nywele zikamwangukia mgongoni mpaka chini kwenye vumbi.

"Yawa!" Mama Calvince akashika kifua. "Aloo, hapana. Hapana, mama. Tumekuachia wewe. Tulikubaliana na Waya. Hiyo nywele ni mali, watu wanatafuta kama hiyo hawapati. Na ni kazi yako. Nani atasukwa na mtu kichwa upara?"

"Si kwa ubaya," Waya akaongeza. "Yako si kama yetu. Tuliona ni dhambi kuiharibu."

Hapo ndipo Aloo alipoelewa, na ilimuuma na kumfariji kwa wakati mmoja. Hawakuwa wamemsahau. Walikuwa wamekaa kikao na kumhurumia. Walikuwa wamemtolea kikombe cha glasi kwa mara nyingine.

"Waya," akasema, na sauti yake ikawa ndogo kuliko alivyotaka, "baba alizaa nani kwanza?"

Waya akautazama wembe.

"Nimeuliza tu."

"Alizaa wewe."

"Mimi nilitoka wapi basi? Nilizaliwa na nywele? Si nilizaliwa na yeye?"

Kuku alipita katikati yao akidonoa povu.

"Tunaweza kukata kidogo," Mama Calvince akajaribu. "Kishungi tu, hapa nyuma, kisionekane. Mungu ataona."

"Mungu ataona," Aloo akasema. "Lakini Calvince pia nataka aone. Wote wananyolewa chote. Na mimi chote."

Calvince alikuwa bado kigodani, povu linamshukia kwenye nyusi. Sasa akainuka. Mtu mkubwa vile, akainuka polepole, akakipangusa kigoda kwa shati lake, akakisukuma mbele ya dada yake.

"Mimi nilisema kutoka jana hii kiti inaniuma," akasema. "Kumbe si yangu."

Mama Calvince akageuka ukutani, akajifuta macho kwa leso. Waya akavuta pumzi. Kisha akawa Waya tena.

"Haya, kaa. Na mtu alete mkasi, maana wembe haiwezi hii. Hii ni msitu ya Kakamega."

Kazi ile ilichukua asubuhi yote. Mkasi wa kwanza ulikuwa butu, wa pili ukakwama. Waya alikata, akapumzika, akalaani, akakata. Nywele zilianguka kwenye mkeka zikajikusanya kama kitu kinachopumua. Sabuni ilipakwa, ikakauka, ikapakwa tena. Wembe wa kwanza ukashindwa, wa pili ukatupwa.

"Dada," Calvince akalalamika kutoka foleni, "povu yangu imekauka. Kichwa inawasha kama nimekalia siafu."

"Ngoja zamu yako, mtoto wa pili," Waya akamjibu, na wote wakaangua kicheko, hata Aloo, mpaka Waya akampiga bega atulie asije akakatwa.

Upepo ulipogusa kichwa kitupu kwa mara ya kwanza, Aloo alishtuka. Hakujua upepo wa asubuhi una baridi namna ile. Waya akamwagia maji ya mwisho, akafuta kwa taulo, halafu mkono wake ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo. Kidole gumba kikabonyeza.

"Mama Calvince," akaita. "Njoo. Njoo uone kitu."

Wakaja wote. Walimzunguka nyuma, asiweze kuona nyuso zao, anasikia pumzi tu.

"Ni ile," mmoja akanong'ona.

"Ni yenyewe. Na ni kubwa kuliko ya Calvince!"

"Kubwa kuliko yangu? Toka hapa, nione." Calvince akainama, povu kavu linamdondoka. Akakipima kwa kidole gumba. "Leteni yai," akasema.

"Calvince! Tuko kwenye matanga!"

"Na mzee angesema nini? Leteni yai."

Shantel, bintiye Calvince, alikuwa ameshakimbia. Alirudi na moja la yale mayai ya kuchemsha yaliyokuwa yamepangwa mezani kwa ajili ya mgeni. Calvince alimwambia dada yake ainamishe kichwa kidogo, akaliweka yai kwenye kibonde, na akaondoa mkono taratibu.

Yai likakaa.

"Tembea," Waya akaamuru.

Aloo akainuka, akatembea. Alitoka kwenye paa la jiko akaelekea kaburini, hatua za mtu aliyebeba maji, na nyuma yake familia nzima imeshika midomo. Alipofika penye udongo mwekundu uliokuwa bado mbichi, akasimama. Yai lilikuwa bado pale. Akamwambia baba yake, "Iko." Kisha akacheka, akainua kichwa, na yai likadondoka kwenye majani. Shantel akaliokota, akalipuliza vumbi, akalimenya, akala.

Walipomaliza kunyolewa wote, nywele zilikusanywa pamoja, zake ndefu na zile fupi za wadogo zake zilizofanana na masizi, zikafukiwa nyuma ya nyumba. Hakuna aliyezitenga. Mama Calvince akapika chai upya, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imepoa. Akaanza kugawa. Alipofika kwa Aloo mkono wake ulikwenda kabatini kwa mazoea, ukasita, ukarudi. Akachukua kikombe cha bati, kile chenye sikio lililopinda, akamjazia mpaka juu.

"Ukimaliza," akasema bila kumtazama, "kuna masufuria hapo nje. Mimi mgongo yangu imekataa."

Aloo aliosha masufuria yale yote. Alichafuka mpaka viwiko.

Jumapili Jyoti akapiga simu ya video. Alipoona kichwa kile alisogeza uso mpaka ukajaa kioo chote.

"Babu yako alinyoa hivyo baba yake alipofariki," Jyoti akasema, kwa kile Kiswahili chake cha dukani ambacho Uingereza imeshindwa kukifuta. "Akakaa kaunta siku mingi bila kofia. Wateja nasema, huyu ni nani mpya? Wewe nafanana na yeye sana, Aloo. Sura. Nywele ilikuwa naficha." Akajifuta pua. "Lakini kwetu nanyoa wanaume tu."

"Kwetu wananyoa watoto wote," Aloo akamwambia.

Alilisikia neno lenyewe baada ya kulitamka. Kwetu. Lilikuwa limetoka bila kubisha hodi.

Jumatatu alirudi Kibuye na kitambaa cheupe kichwani. Nasipwondi alikuwa anatundika bidhaa. Alimwona kwa mbali, akaona kitambaa kimelala mahali kilipokuwa kinafura siku zote, na wigi likamponyoka mkononi.

"Aloo. Usiniambie."

Aloo akafungua kitambaa.

"Woi! Nywele yangu! Nimeingojea kama mvua! Iko wapi? Umeuzia nani? Niambie nani, nimfuate saa hii!"

"Iko nyumbani, Nasi."

"Nyumbani wapi? Twende tuichukue!"

"Imefukiwa nyuma ya nyumba ya baba. Na ya wengine wote."

Nasipwondi akashusha mikono. Naye ni mtoto wa watu, anatoka Bungoma, na alipomzika mama yake alirudi sokoni akiwa upara mwezi mzima, akivaa bidhaa zake mwenyewe. Akaokota wigi, akalipangusa, akatikisa kichwa.

"Wamekunyoa pamoja?"

"Mimi wa kwanza."

"Basi," Nasipwondi akasema. "Basi hiyo siwezi kuinunua."

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye nywele laini kutoka Nyamasaria, ameelekezwa na watu. Alimtazama Nasipwondi, akamtazama Aloo, akarudi hatua nyuma. "Natafuta msusi. Yule Pointi wa nywele ndefu."

"Ni huyo," Nasipwondi akamwambia.

"Huyu? Mbona hana hata moja?"

"Mama, wewe umekuja kusukwa yako ama yake? Kaa chini."

Mwanamke akakaa. Aloo alikuwa ameweka kitambaa mfukoni na hakukivaa tena, ingawa jua la Kibuye lilikuwa limeanza kuuma. Akagawa nywele kwa kitana, akaanza kusuka. Alipofika mwisho wa msuko wa kwanza akazungusha, akapitisha chini, akavuta kwa jino.